Nani Hakuulizwa? Hotuba Kuhusu Nguvu ya Vyombo vya Habari

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa uandishi wa habari na walimu wao. Naiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Nimenyoosha sentensi mbili tatu zilizomezwa na kipaza sauti. Mengine yamebaki kama nilivyoyasema.

Mwenyekiti, walimu, wanafunzi, wageni waalikwa, habari za mchana.

Naanza na neno moja tu. Ukweli.

Neno hilo, kwa Kiingereza na kwa herufi kubwa kupita kiasi, ndilo lililokuwa kichwa cha habari katika ukurasa wa mbele wa gazeti la The Sun la Uingereza tarehe 19 Aprili 1989. Siku nne kabla ya hapo, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool waliokwenda kutazama nusu fainali dhidi ya Nottingham Forest walibanwa nyuma ya uzio wa chuma mpaka wakakosa pumzi. Waliokufa ni 97. Wengi walikufa siku ileile. Wa mwisho alikufa mwaka 2021, miaka 32 baadaye, kwa madhara ya siku ile. Mdogo kuliko wote alikuwa mtoto wa miaka 10.

Chini ya neno Ukweli, gazeti likapanga mambo matatu. Kwamba baadhi ya mashabiki waliwaibia majeruhi na marehemu mifukoni. Kwamba waliwakojolea polisi waliokuwa wakiokoa watu. Kwamba walimpiga askari aliyekuwa akimpulizia mtu pumzi ili asife.

Ndugu zangu, hayo hayakuwa kweli. Hata moja.

Sasa nawauliza ninyi mnaosomea kazi hii: je, mwandishi aliyaota? Hapana. Yalitoka kwa shirika dogo la habari la palepale Sheffield, nalo liliyapata kwa maofisa wa polisi na kwa mbunge mmoja. Vyanzo vilikuwepo, tena si vyanzo vya vichochoroni, ni watu wenye vyeo na sare. Mngemletea mwalimu wenu habari ile kama zoezi la darasani, huenda angewapa alama nzuri. Kilichokosekana ni kitu kimoja. Wale waliokuwa ndani ya uzio hawakuulizwa.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Tukizungumza juu ya nguvu ya vyombo vya habari, watu hudhani tunazungumza juu ya uongo, kana kwamba kuna mtu amejifungia chumbani anatunga. Wapo wa namna hiyo, nitawataja. Lakini katika miaka yangu yote kwenye chumba cha habari, mara nyingi zaidi nimeona ukweli ukipindwa na watu ambao hawakutunga hata sentensi moja. Walichagua tu wa kumpigia simu. Na wa kutompigia.

Turudi Hillsborough kidogo, maana bado sijafika penye uchungu. Uongo wa kwanza wa siku ile haukuandikwa na gazeti. Ulitamkwa uwanjani, watu wakiwa bado wanakata roho. Kamanda wa polisi aliwaambia viongozi wa soka kwamba mashabiki wamelivunja geti. Geti halikuvunjwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru lifunguliwe, na watu walioingia kwa mkupuo wakaenda moja kwa moja kwenye vizimba ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Miezi minne baadaye, Agosti 1989, jaji aliyepewa kazi ya kuchunguza aliandika waziwazi kwamba sababu kuu ilikuwa polisi kushindwa kusimamia umati, na kwamba hakukuwa na geti lililovunjwa.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Nawaheshimu wahenga. Lakini hesabuni nami. Ripoti ya jaji ilitoka 1989. Mwaka 2012 jopo huru likafungua majalada na kukuta kwamba maelezo 164 ya polisi yalikuwa yamebadilishwa, na katika 116 kati ya hayo yalifutwa maneno yasiyolipendeza jeshi lao. Mwaka 2016 baraza la wananchi mahakamani likatamka kwamba watu wale waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Kutoka 1989 hadi 2016 ni miaka 27. Wazazi waliozika watoto wakiwa na nywele nyeusi walisikia uamuzi ule wakiwa wazee, na wengine hawakuusikia kabisa. Njia fupi gani hiyo?

Gazeti lenyewe liliomba radhi kwenye ukurasa wa mbele mwaka 2012, miaka 23 baadaye, na safari hii liliandika "Ukweli Halisi". Nami nauliza tu, bila kejeli: ule wa kwanza ulikuwa ukweli wa aina gani?

Naona baadhi yenu mnaandika. Andikeni, lakini msiandike "gazeti baya la Uingereza". Mkiandika hivyo mtalala usingizi mzuri usiku, na mimi sikuja kuwalaza usingizi.

Nataka tuingie ndani ya lugha yetu wenyewe. Chukueni kitenzi kimoja, kuvunja, tukishushe ngazi. Polisi walivunja mlango. Mlango ulivunjwa na polisi. Mlango ulivunjwa. Mlango ulivunjika.

Mmeona alivyotoweka? Kwenye ngazi ya kwanza polisi yuko mbele, buti mlangoni. Ya pili, kasogea nyuma ya mlango. Ya tatu, tunajua kuna mtu lakini hatumwoni. Ya nne, hakuna mtu kabisa. Mlango umechoka, ukaamua kuvunjika. Walimu wa Kiswahili walitufundisha kwamba hizi ni kauli za kutenda, kutendwa na kutendeka, tukazikariri kwa ajili ya mtihani. Hawakutuambia kwamba kauli ya kutendeka ndiyo kichaka wanachopenda kujifichia wakubwa. Fedha zimepotea. Faili limeungua. Risasi zikafyatuka. Watu wanne wakapoteza maisha. Yaani maisha yao waliyapoteza wao wenyewe, kama mtu anavyopoteza ufunguo.

Sikuyasoma haya kitabuni. Nina kisa changu.

Nilikuwa na miaka 26, zamu ya usiku, kwenye gazeti ambalo sitalitaja. Saa tatu usiku ikaingia taarifa kwa vyombo vya habari, karatasi moja, nembo juu, muhuri chini. Ilisema kwamba katika zoezi la kusafisha eneo fulani, nyumba 41 zimebomoka, na kwamba zoezi limekwenda kwa amani. Zilikuwa zimebaki dakika 40 ukurasa uende mitamboni. Nilipiga simu moja. Nilimpigia nani? Msemaji yuleyule aliyesaini taarifa. Nikamuuliza kama taarifa ni yake, akasema ni yake. Nikaona nimehakiki.

Msanifu wa kurasa akaniambia kichwa cha habari hakiingii kwenye safu. Nilikuwa nimeandika "Nyumba 41 zabomolewa". Nikabadilisha, nikaweka "zabomoka". Neno fupi kwa herufi mbili. Hakuna aliyenipa bahasha, hakuna aliyenitisha, hakuna kiongozi aliyepiga simu. Nafasi ilikuwa finyu, basi. Nikaenda kulala.

Baada ya siku mbili mlinzi wa mapokezi akampandisha mama mmoja mtu mzima mpaka kwenye meza yangu. Alikuwa amelikunja gazeti mara nne, kama barua. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," akakaa, akalikunjua gazeti mbele yangu akalinyoosha kwa kiganja. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa. Akakiweka kwenye kichwa changu cha habari, akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira hata kidogo:

"Mwanangu, nyumba yangu ilibomoka? Ilichoka yenyewe?"

Sikuwa na jibu. Nitarudi kwa mama huyu kabla sijamaliza.

Tusogee mbele. Mtaniuliza: mzee, huoni kwamba mwandishi makini, aliyebobea, mwenye tuzo, hawezi kuteleza namna hiyo? Basi nawaletea mwenye tuzo.

Mwaka 1932 Walter Duranty, mwandishi wa The New York Times mjini Moscow, alipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa habari zake za Muungano wa Kisovieti. Alikuwa na nyumba nzuri, dereva, na mlango wa wakubwa ulikuwa wazi kwake. Stalin mwenyewe alikaa naye kwa mahojiano. Mwaka uliofuata, Machi 1933, kijana wa Wales aitwaye Gareth Jones, miaka 27, anayezungumza Kirusi, alipanda treni kuelekea Ukraine, iliyokuwa sehemu ya Muungano huo. Kabla ya kufika alikotarajiwa alishuka, akatembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, akilala kwenye nyumba za wakulima na kuwauliza wamekula nini. Aliporudi Berlin, tarehe 29 Machi, aliwaambia waandishi kwamba kila mahali alisikia kilio kimoja: hakuna mkate, tunakufa.

Siku mbili baadaye, Duranty akamjibu gazetini. Kichwa cha habari kilisema Warusi wana njaa lakini hawafi kwa njaa. Waandishi wengine wa kigeni waliokuwa Moscow nao walimtenga yule kijana. Mnajua kwa nini? Si kwamba walikuwa hawajui. Walikuwa wanajua. Lakini visa zilitolewa na serikali, habari zilipita kwa mkaguzi wa serikali kabla ya kutumwa, na wakati huohuo kulikuwa na kesi kubwa ya wahandisi wa Kiingereza ambayo kila mhariri London na New York alitaka kuipata. Anayemuudhi mkaguzi angebaki nje ya mlango. Basi wakapima, wakaona kijana mmoja wa Wales ni mwepesi kuliko kesi.

Mamilioni ya watu walikufa katika njaa ile. Jones aliuawa mwaka 1935 akiwa safarini Mashariki ya Mbali, siku moja kabla ya kutimiza miaka 30. Tuzo ya Duranty haijafutwa mpaka leo. Wenye tuzo yao waliombwa, wakatafakari, wakatangaza mwaka 2003 kwamba wataiacha.

Huyo alikuwa na kila kitu ambacho ninyi mnakitamani. Alikuwa karibu na wakubwa. Na ukaribu huo ndio uliomlipa na ndio uliomfunga. Sisemi msiwe na namba za simu za mawaziri, mtafanyaje kazi? Nasema mjue kwamba kila mlango unaofunguliwa una mtu anayeshika kitasa, na mtu huyo anasoma gazeti lako asubuhi.

Sasa watungaji. Niliahidi nitawataja.

Tarehe 10 Oktoba 1990, msichana wa miaka 15 alikaa mbele ya kikao cha wabunge wa Marekani waliokuwa wakisikiliza habari za haki za binadamu. Alitambulishwa kwa jina moja tu, Nayirah. Akilia, akaeleza kwamba alikuwa akijitolea hospitalini nchini Kuwait, na kwamba aliwaona wanajeshi wa Iraq, walioivamia nchi hiyo, wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za joto na kuwaacha sakafuni wafe. Picha zile zikazunguka kwenye televisheni. Rais Bush, yule baba, akakirudia kisa kile mara kadhaa. Maseneta wakakitaja wakijadili vita. Januari 1991 Baraza la Seneti likapiga kura kuruhusu vita dhidi ya Iraq, 52 kwa 47.

Vita vikapiganwa, vikaisha. Ndipo Januari 1992 ikatoka habari kwamba msichana yule alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushahidi wake uliandaliwa katika kampeni iliyoendeshwa na kampuni kubwa ya uhusiano wa umma, Hill & Knowlton, kwa niaba ya kikundi kilichogharamiwa na serikali ya Kuwait. Wachunguzi waliokwenda hospitalini baada ya vita hawakupata uthibitisho wa kisa kile. Hata Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu lililokuwa limekipokea, lilikikana.

Naomba mnielewe. Uvamizi wa Kuwait ulikuwa kweli. Watu waliteswa na kuuawa kweli. Ndiyo maana uongo ule uliingia kirahisi. Ulipandishwa kwenye gari lililokuwa tayari linakwenda. Na nani angesimama mbele ya mtoto anayelia amuulize, mwanangu, jina la baba yako ni nani? Lingekuwa swali la kikatili. Lingekuwa swali moja tu. Kwa miezi kumi na tano hakuna aliyeliuliza kwa sauti ya kusikika.

Niwaibie dakika moja niungame jambo. Kwa miaka mingi, kwenye mihadhara kama hii, nilikuwa napenda kusimulia kisa cha tajiri wa magazeti wa Marekani, William Randolph Hearst, na vita vya Cuba. Kisa kinasema mchoraji wake alimpelekea simu ya maandishi kutoka Havana kwamba hakuna vita, na Hearst akamjibu abaki huko, alete picha, vita atavileta yeye. Kitamu, sivyo? Darasa zima hucheka. Baadaye nikajifunza kwamba simu hizo hazijawahi kuonekana, Hearst alikana kuzituma, na chanzo chake ni kumbukumbu za mwandishi mmoja zilizochapwa mwaka 1901, ambaye mwenyewe hakuwa Havana wala New York wakati huo. Kwamba magazeti ya Hearst yalichochea vita dhidi ya Hispania mwaka 1898, hilo liko wazi, nakala zipo. Lakini kisa kile maarufu kuhusu uongo wa magazeti chenyewe yawezekana ni uongo, na mimi nilikisambaza nikiwafundisha watu kuhakiki. Chekeni, nawaruhusu.

Kwa nini nilikiamini? Kwa sababu nilikuwa nimekisikia mara nyingi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mnaujua msemo huo. Mimi naona ni miongoni mwa misemo yetu ya hatari. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Kimarekani waliwasomea wanafunzi sentensi, nyingine za kweli, nyingine za uongo, wakarudia baadhi yake baada ya wiki mbili, kisha tena. Sentensi zilizorudiwa zilionekana za kweli zaidi, hata zile za uongo. Hazikuongezewa ushahidi wowote. Ziliongezewa mazoea tu.

Na mazoea yanajengwa kwa raha. Hili nalisema taratibu kwa sababu linahusu eneo letu la dunia. Redio ya RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Mtu asiyejua anaweza kufikiri ilikuwa ikinguruma chuki asubuhi mpaka usiku. La. Ilipiga muziki ambao vijana waliupenda. Watangazaji wake walitania, walipokea simu, waliongea kama watu wanavyoongea mtaani, tofauti kabisa na redio ya taifa iliyokuwa ikisoma taarifa kwa sauti ya mazishi. Watu waliipenda. Katikati ya muziki na mizaha likawa linarudi neno moja, mende, wakiwaita hivyo majirani zao Watutsi, leo, kesho, keshokutwa. Yalipoanza mauaji Aprili 1994, neno lilikuwa limeshakaa masikioni kwa miezi, na redio ileile ikawa inataja watu na mahali walipojificha. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa Kangura, gazeti la chuki la hukohuko Rwanda. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini hakuna aliyetoka huru.

Hapo sina la kuongeza.

Vijana wataniambia: mzee, hayo ni ya magazeti na redio, siku hizi kila mtu ana simu, hakuna mhariri wa kutubania. Kweli, yule mwenye miwani na kalamu nyekundu hayupo. Lakini ukifungua simu yako asubuhi, kuna mamia ya mambo ambayo yangeweza kuwa ya kwanza, na moja ndilo la kwanza. Nani kalipanga? Ni programu, na programu haiulizi kama jambo ni kweli. Inauliza kama utalibonyeza. Mwaka 2012 Facebook ilibadilisha kimyakimya yale yaliyoonekana kwenye kurasa za watu 689,003 ili kupima kama hisia zao zitabadilika, na watu hao hawakuombwa ruhusa. Tulijua mwaka 2014 utafiti ulipochapwa. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kuanzia 2006 hadi 2017. Za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko za kweli. Tena hawakukuta roboti ndizo wakosaji wakuu. Ni sisi. Uongo unashangaza, na kinachoshangaza kina miguu.

Kwa hiyo nguvu haikuondoka kwa wenye magazeti ikaja kwa wananchi, kama tulivyoahidiwa. Imehama tu nyumba, na nyumba mpya haina mapokezi wala mlinzi wa kumpandisha mama mwenye gazeti lililokunjwa.

Nisiwaache bila mtu aliyeuliza. Yupo mmoja ninayempenda, ingawa kwa mashaka, na mtaona kwa nini.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 kulikuwa na karani kijana aitwaye Edmund Morel, akifanya kazi kwenye kampuni ya meli ya Liverpool. Ndiyo, Liverpool tena. Sikupanga iwe hivyo. Kampuni yake ndiyo iliyosafirisha mizigo ya Kongo, iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mfalme huyo alijulikana Ulaya kama mfadhili mkuu, mpiga vita utumwa, na baadaye akawa hata na ofisi ya siri ya kuwalipa wahariri waendelee kumsifu. Magazeti yalijaa sifa zake. Morel hakuwa mwandishi wa habari wa kuajiriwa. Hakuwa amefika Kongo. Kwa kuwa alijua Kifaransa, alitumwa mara kwa mara bandarini Antwerp kukagua hesabu za meli.

Mfikirieni pale gatini, karani na daftari lake. Meli inaingia, inashusha mpira na pembe za ndovu, tani kwa tani. Anaandika. Meli ileile inapakiwa kurudi. Inapakia nini? Bunduki. Risasi. Maofisa wa jeshi. Vitambaa, vyombo, bidhaa za kubadilishana na wale wanaogema mpira, karibu hakuna. Akalinganisha safu mbili za daftari. Kama hakuna malipo yanayokwenda, mpira unapatikanaje? Kukawa na jibu moja tu, na jibu hilo lilikuwa mjeledi.

Watu waliogema ule mpira hakuna gazeti lililowauliza. Morel hakuweza kuwafikia, kwa hiyo akaziuliza meli. Aliacha kazi mwaka 1901, akaanzisha gazeti lake mwaka 1903, akachapa ushuhuda na picha za wamisionari za watu waliokatwa mikono, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia Kongo iwe chini ya serikali ya Ubelgiji. Uchungu wa Kongo haukuishia hapo, mnajua.

Mashaka yangu ni haya. Mwaka 1920 Morel huyuhuyu, shujaa wa Wakongo, aliandika makala na kijitabu dhidi ya wanajeshi Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliowekwa Ujerumani, akiwasingizia kwa jumla kwamba ni wabakaji kwa asili yao. Askari wale hakuwauliza. Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Mtu aliyeweza kusikia kilio kutoka kwenye daftari la meli alishindwa kuwasikia watu waliokuwa safari fupi ya meli na treni kutoka mahali alipokuwa akiishi.

Basi nirudi kwa mama yangu.

Nilimwendea mhariri nikamwomba tuchape masahihisho. Alikuna kichwa, akasema tutamkasirisha msemaji, kisha akakubali, sharti yawe mafupi. Yalitoka siku ya tisa, ukurasa wa 14, chini kabisa, juu ya tangazo la matairi. Mistari mitatu. Yalisema kwamba katika toleo la tarehe fulani tuliandika kuwa nyumba 41 zilibomoka. Ilipaswa isomeke kuwa zilibomolewa. Tunaomba radhi kwa usumbufu.

Nilimwekea nakala. Alipokuja nilimwonyesha kwa fahari, maana kwa umri ule nilidhani nimefanya jambo kubwa. Alivaa miwani yake, akaisoma ile mistari, akairudia. Kidole kilikuwa kimepona. Akakiweka mwisho wa neno "zilibomolewa", pale sentensi ilipoishia, akaninyanyulia macho.

"Na nani?"